Sayyid Ismail al-Jurjani: Tabibu aliyetazama jicho na shingo kwa pamoja

KATIKA vitabu vya tiba vinavyosomeshwa leo vyuoni, ugonjwa wa tezi ya shingo unaoyafanya macho yatokeze nje unaitwa kwa jina la Robert Graves, daktari wa Dublin, Ireland. Wajerumani wao huuita kwa jina la mwenzao, Carl von Basedow. Graves alieleza habari zake mwaka 1835 na Basedow mwaka 1840. Wote wawili walikuwa matabibu hodari na wanastahiki sifa yao. Lakini zaidi ya miaka 700 kabla yao, mwanachuoni mmoja wa Kiislamu alikwishaandika kuwa uvimbe wa shingo na kutokeza kwa macho huenda pamoja. Jina lake ni Sayyid Ismail al-Jurjani, na ni wachache miongoni mwetu wanaolijua.

Makala haya yanaeleza maisha ya mwanachuoni huyo. Hatumtaji ili tujifakharishe kwa mambo ya wahenga huku sisi tumekaa. Tunamtaja kwa sababu lile alilolifanya linahitajika leo, tena karibu kabisa na majumbani mwetu. Wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam na Tanga mjini tuna wazee, shangazi na dada zetu Handeni na Korogwe. Inapopigwa simu kutoka huko kuwa macho ya ndugu yetu yamemtoka, hayafungi hata usiku, na kwamba majirani wameanza kunong'ona habari za uchawi, jambo la kwanza tunalofikiri ni nauli ya kumleta mjini. Ni vyema tukajua pia nini cha kutazama na nini cha kuuliza.

Kuzaliwa na masomo

Jina lake ni Zaynuddin Ismail bin Husayn al-Jurjani, na huitwa Sayyid kwa kunasibishwa na kizazi cha Mtume (SAW). Msomaji asimchanganye na Abdulqahir al-Jurjani, bingwa wa elimu ya balagha, wala na Sharif Ali al-Jurjani, mwandishi wa kitabu cha Taarifat, ambao watu wa madrasa wanawafahamu zaidi. Jurjan ni mji na jimbo lililokuwa kusini mashariki mwa Bahari ya Kaspi, katika Iran ya leo, na umetoa wanazuoni wengi.

Inakadiriwa kuwa alizaliwa mwaka 434 Hijria, yaani karibu na mwaka 1042 Miladia. Wakati huo Ibn Sina, mkuu wa matabibu wa Kiislamu, alikuwa amefariki miaka michache tu nyuma, mwaka 1037. Tena Jurjan hiyo hiyo ndiko Ibn Sina alikoanzia kuandika kitabu chake cha Qanun, pale alipopita akiwa katika kuhama hama kwake. Mwalimu wa al-Jurjani katika tiba alikuwa Ibn Abi Sadiq wa Nishapur, ambaye hutajwa kuwa alisoma kwa Ibn Sina. Kwa watu waliozoea isnadi, huo ni mlolongo mfupi sana: baina ya al-Jurjani na Ibn Sina kuna mtu mmoja tu.

Mtu aliyesoma kwa mwalimu wa namna hiyo angeweza kutosheka kuwa msimulizi wa aliyoyapokea. Qanun ilikuwa imeshaandikwa, na watu wengi waliona kuwa hakuna la kuongeza. Al-Jurjani aliipokea elimu hiyo kwa heshima, kisha akaitumia kuwatazama wagonjwa wake mwenyewe.

Safari ya Khawarizm

Mwaka 504 Hijria, sawa na 1110, al-Jurjani alihamia Khawarizm, nchi iliyo kusini mwa Bahari ya Aral. Hiyo ndiyo nchi anayonasibishwa nayo al-Khawarizmi, mwanachuoni wa hesabu za aljebra. Kwa makadirio ya mwaka wake wa kuzaliwa, alikuwa mzee wa miaka ipatayo 70. Ni umri ambao kwetu sisi mtu hukabidhi kazi kwa watoto na kungoja kuamkiwa. Yeye katika umri huo alianza kazi kubwa kuliko zote alizopata kuzifanya.

Mtawala wa Khawarizm wakati huo alikuwa Qutbuddin Muhammad, aliyetawala tangu mwaka 1097 hadi 1127. Chini ya himaya yake al-Jurjani aliandika kitabu kilichobeba jina la mtawala huyo, Dhakhira ya Khawarizmshah, yaani hazina ya mfalme wa Khawarizm. Ni kitabu kipana chenye milango mikuu tisa, na baadaye akakiongezea wa kumi unaohusu dawa. Ndani yake kuna maelezo ya viungo vya mwili na kazi zake, dalili za afya na maradhi, mapigo ya mshipa, namna ya kuilinda siha, namna ya kuutambua ugonjwa, homa za aina mbalimbali, maradhi ya kiungo kimoja kimoja, uvimbe na vidonda, ngozi na nywele, hadi sumu na namna ya kuziondoa.

Jambo la kuzingatia ni lugha aliyoitumia. Kiarabu ndicho kilichokuwa lugha ya elimu katika ulimwengu wote wa Kiislamu, tangu Andalusia hadi Bukhara. Qanun yenyewe iliandikwa kwa Kiarabu ingawa mwandishi wake hakuwa Mwarabu. Al-Jurjani alikijua Kiarabu na alikitumia katika baadhi ya kazi zake. Lakini Dhakhira aliiandika kwa Kiajemi, lugha ya watu wa kule sokoni na majumbani, lugha hiyo hiyo iliyotupatia sisi Waswahili maneno kama bandari na serikali. Walikuwapo waliotangulia kuandika tiba kwa Kiajemi, ila hakuna aliyekuwa ameandika kitabu kipana kiasi hicho. Baadaye Dhakhira ikatafsiriwa katika lugha nyingine, zikiwemo Kituruki na Kiurdu.

Jicho na shingo

Ndani ya kitabu hicho ndimo wanahistoria wa tiba walimokuta habari inayomhusu mgonjwa wa rovu. Al-Jurjani aliandika kuwa uvimbe wa shingo na macho kutokeza nje vinahusiana. Kwa kadiri inavyojulikana, hakuna aliyeandika hivyo kabla yake.

Mtu anaweza kudhani ni jambo dogo. Hebu tulipime. Vitabu vya tiba vya zama zile, kama vya zama zetu, viligawa mwili kiungo kwa kiungo. Maradhi ya macho yana mlango wake, na macho yalikuwa na mabingwa wake mahsusi walioitwa kahhal, watu wa wanja na dawa za macho. Uvimbe wa shingo ulikuwa na mlango mwingine kabisa. Mgonjwa aliyekwenda kwa kahhal alitibiwa jicho, na aliyekwenda kwa mpasuaji alitazamwa shingo. Ili kuona kuwa hayo mawili yana uhusiano ilibidi awepo mtu anayemtazama mgonjwa mzima, na anayekumbuka kuwa mgonjwa wa mwezi uliopita naye alikuwa hivyo hivyo.

Al-Jurjani hakujua sababu, wala hakuwa na njia ya kuijua. Zama zake hakukuwa na hadubini wala maabara ya damu, na matabibu wote waliamini kuwa maradhi yanatokana na kuvurugika kwa mizani ya vimiminika vinne vya mwili. Alichokuwa nacho ni macho yake mawili, vidole vyake na subira.

Kitabu cha ndani ya buti

Qutbuddin Muhammad alipofariki, mwanawe Atsiz alishika utawala mwaka 1127. Al-Jurjani alikuwa sasa mzee sana, lakini hakuacha kuandika. Aliona kuwa Dhakhira ni kubwa mno kwa mtu aliye safarini. Hivyo akatoa muhtasari wake katika mijalada miwili myembamba na mirefu, akauita Khuffi. Jina hilo linatokana na khuf, lile lile neno tunalolisoma katika mlango wa udhu, kwa sababu mijalada hiyo ilikusudiwa kuchukuliwa ndani ya buti za mpanda farasi, mmoja mguu wa kulia na mwingine wa kushoto.

Hapo tunamwona tabibu aliyejua udhaifu wa vitabu. Elimu iliyofungiwa kabatini haimfikii mgonjwa aliye njiani. Tabibu anayeihitaji aichukue mwilini mwake, na aweze kuifungua pale pale alipo. Aliandika pia kitabu cha ukubwa wa kati na kingine kifupi cha kumbukumbu za tiba, kila kimoja kikiwa na msomaji wake.

Mwisho wa maisha yake ulimkuta Marw, mji uliokuwa makao ya Sultani Sanjar wa Seljuk, katika Turkmenistan ya leo. Huko ndiko alikofariki mwaka 531 Hijria, yaani 1136 au 1137, akiwa amekaribia kutimiza karne moja kwa hesabu ya Hijria. Mwaka 1221 majeshi ya Wamongoli yaliiteketeza Marw pamoja na Gurganj, mji mkuu wa Khawarizm. Misikiti, maktaba na hospitali viligeuka majivu. Dhakhira ilisalimika kwa sababu nakala zake zilikuwa zimekwishatapakaa mikononi mwa watu.

Waliokuja baadaye

Katika Ulaya, habari ya rovu na macho ilichelewa sana. Caleb Parry, daktari wa mji wa Bath huko Uingereza, alimwona mgonjwa wake wa kwanza wa namna hiyo mwaka 1786, lakini maandishi yake yalichapishwa mwaka 1825, miaka mitatu baada ya kufa kwake. Kisha akaja Graves, ambaye alisifika kwa kuwafundisha wanafunzi wake kando ya kitanda cha mgonjwa. Naye Basedow, huko Merseburg, alizitaja alama tatu kwa pamoja: rovu, macho kutokeza na moyo kwenda mbio.

Leo sababu inajulikana. Mwili una askari wake, yaani kingamwili, wanaopambana na vijidudu. Katika ugonjwa huu baadhi ya askari hao hukosea adui. Huishika tezi ya thairoidi iliyo mbele ya koo na kuisukuma itoe homoni kupita kiasi. Mgonjwa hukonda ingawa anakula, jasho humtoka, mikono humtetemeka, moyo humwenda mbio na usingizi humruka. Askari hao hao hushambulia pia nyama na mafuta yaliyo nyuma ya mboni za macho. Tundu la jicho ni mfupa, halitanuki. Vitu vya ndani vinapovimba, jicho hukosa nafasi na kusukumwa mbele. Takriban robo ya wagonjwa wa Graves, au zaidi, hupata matatizo ya macho. Wanawake ndio wengi, lakini wanaume wakipata huwa wanaumia zaidi.

Kwa hiyo jicho na shingo havisababishiani. Vyote viwili vinapigwa na adui mmoja. Ndiyo maana macho yanaweza kuanza kuumwa miezi kadhaa kabla ya tezi, au baada yake, na wapo wagonjwa wachache ambao kipimo cha homoni kinatoka sawa huku macho yakiwa yameharibika. Jambo hili ni muhimu. Aliyeambiwa mara moja kuwa damu yake ni nzuri asifukuzwe kama macho yanaendelea kutoka.

Vipimo, kuanzia zahanati

Wengi wetu tukisikia neno vipimo tunafikiria mashine kubwa na fedha nyingi. Katika ugonjwa huu sehemu kubwa ya uchunguzi ni ile ile ya al-Jurjani, na inaweza kuanza katika zahanati ya kijiji.

Kwanza ni historia. Macho yameanza lini kutoka, moja au yote mawili? Picha ya zamani ni kipimo kizuri kuliko maneno: picha ya harusi au ya kadi ya mpiga kura ikiwekwa kando ya uso wa leo huonesha mabadiliko bila ubishi. Mgonjwa aulizwe kama anavuta sigara, maana tumbaku huongeza sana hatari ya macho kuharibika na hudhoofisha nguvu ya matibabu.

Pili ni kutazama. Kwa kawaida kope la juu hufunika kidogo ncha ya duara jeusi la jicho. Weupe ukionekana juu ya duara hilo, kope limevutwa. Mgonjwa atazame chini polepole, na mhudumu aangalie kama kope linachelewa kushuka. Kisha afumbe macho taratibu kana kwamba amelala, na mhudumu aone kama kunabaki upenyo. Mhudumu asimame nyuma ya mgonjwa aliyeketi, mgonjwa ainue kichwa, na macho yatazamwe kutoka juu ya paji la uso, ambapo jicho lililotokeza zaidi hujulikana mara moja.

Tatu ni nguvu ya kuona. Kila jicho lipimwe peke yake kwa chati ya herufi, jingine likiwa limefunikwa. Baada ya hapo aoneshwe kitu chekundu, hata kizibo cha chupa ya soda, kwa jicho moja kisha jingine. Kama wekundu unafifia katika jicho moja, huenda mshipa wa fahamu wa jicho hilo unabanwa huko nyuma. Afuatishe kidole kwa macho juu, chini na pande zote, na aseme kama anaona vitu viwili viwili.

Nne ni shingo, mikono na mapigo ya moyo. Mgonjwa anywe funda la maji huku koo likitazamwa, kwani uvimbe wa thairoidi hupanda na kushuka wakati wa kumeza. Anyooshe mikono na karatasi iwekwe juu ya vidole, itaonesha mtetemeko ambao jicho halikuuona. Mapigo yahesabiwe dakika nzima akiwa ametulia.

Hospitalini huongezwa vingine. Kipimo cha damu cha TSH huonesha kama tezi imezidisha kazi: katika ugonjwa huu huwa chini sana, huku homoni za thairoidi zenyewe zikiwa juu. Kipo kipimo cha kuzitafuta zile kingamwili zenyewe. Daktari wa macho hutumia kifaa cha Hertel, ambacho hupima kwa milimita jinsi jicho lilivyotokeza kutoka ukingo wa mfupa wa pembeni. Hapa tahadhari inatakiwa. Macho ya watu wenye asili ya Afrika kwa kawaida hutokeza kidogo zaidi kuliko ya Wazungu, hivyo kiwango cha kawaida kilichotoka Ulaya kisichukuliwe kama kilivyo. Tofauti ya zaidi ya milimita mbili baina ya jicho na jicho ndiyo ya kutiliwa shaka.

Kuna pia hesabu ya alama saba inayotokana na ile iliyotolewa na madaktari wa Amsterdam mwaka 1989, ya kujua kama ugonjwa bado unawaka au umetulia: maumivu nyuma ya jicho, maumivu wakati wa kulizungusha, wekundu wa kope, wekundu wa jicho, kuvimba kwa kope, kuvimba kwa kinyama cha pembeni mwa jicho karibu na pua, na kuvimba kwa utando mweupe. Zikifika tatu au zaidi, ugonjwa unahesabiwa kuwa unawaka. Katika ngozi nyeusi wekundu wa kope hujificha, kwa hiyo mhudumu awe mwangalifu asije akaihesabu alama hiyo kuwa haipo. Picha za CT au MRI huonesha misuli iliyonenepa na mshipa uliobanwa. Mgonjwa anayepelekwa CT ataje habari ya tezi yake, kwani dawa inayochomwa kung'arisha picha huwa na madini joto mengi na inaweza kuivuruga tezi.

Njia ya Handeni na Korogwe

Sasa tumchukue mwanamke mmoja wa mfano, wa kijiji chochote cha Handeni. Macho yanamwasha na kutoa machozi. Anakwenda duka la dawa, anapewa matone. Yasipomfaa anapewa mengine yenye nguvu zaidi, pengine yenye steroidi, ambayo yakitumiwa muda mrefu bila usimamizi yanaweza kupandisha presha ya jicho. Anakwenda zahanati, anaambiwa ni mzio. Amevaa ushungi wake kama inavyompasa, na mhudumu aliyemtazama ameona macho tu. Shingo haikuonekana, naye hakuulizwa.

Hapa ndipo kazi ya al-Jurjani inapovunjika. Jicho na shingo vimetenganishwa tena, safari hii kwa kitambaa na haya. Sitara ni wajibu na haina ubaya wowote, na sheria yetu imeruhusu tabibu kutazama pale penye haja. Mhudumu wa kike akiwepo ndiye bora. Kinachotakiwa ni mhudumu kuuliza kwa adabu, na mama naye asione tabu kusema kuwa shingo yake imejaa. Zaidi ya hapo, wapo wanaoiona shingo hiyo kila siku nyumbani: mume, mama, dada na mabinti. Hao ndio wapimaji wa kwanza, na wakijua uhusiano uliopo watamtuma mgonjwa akiwa na maneno ya kusema.

Ikumbukwe pia kuwa si kila rovu ni Graves. Katika nchi yetu marovu mengi yametokana na upungufu wa madini joto, hasa sehemu za milimani na nyanda za juu. Ndiyo sababu katika miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika, na katika miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuyatia katika chumvi. Chumvi hiyo imeokoa watoto wengi na isiachwe. Lakini katika miaka hiyo ya 1990 ilionekana huko Kivu, Kongo, na Zimbabwe kuwa baadhi ya wenye marovu ya siku nyingi tezi zao zilizidisha homoni baada ya madini kufika ghafla. Hivyo rovu likiambatana na kukonda na moyo kwenda mbio lipimwe damu, lisikisiwe. Aidha, jicho moja likitoka peke yake, hasa kwa mtoto, kunaweza kuwa na uvimbe wa saratani au usaha nyuma yake, na hilo ni jambo la kuwahi siku hiyo hiyo.

Habari ya husda nayo isemwe wazi. Sisi tunaamini kuwa jicho la hasidi lipo, na kisomo ni sunna. Lakini Mtume (SAW) ametufundisha pia kutafuta dawa, na hakuna kisomo kinachomkataza mtu kutoa damu ikapimwe. Sheikh au mganga anayemwambia mgonjwa aache hospitali mpaka amalize siku 40 achukue dhima ya jicho hilo. Mshipa wa fahamu uliobanwa unaweza kufa katika wiki chache, na ukifa haurudi.

Alama za kutongoja ni nne: kuona kunafifia, rangi zinapauka, jicho halifungi hata usingizini, au kioo cha jicho kinaingia ukungu. Mwenye mojawapo ya hizo asikae kijijini kungoja. Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilometa zipatazo 65. Korogwe ipo hospitali ya Magunga, na kutoka mji huo mtu anaweza kwenda Tanga iliko hospitali ya mkoa ya Bombo, au kufuata milima hadi Moshi iliko KCMC, au kushuka Dar es Salaam. Akifika huko tatizo lake likiwa limeshaandikwa kwenye karatasi, kwamba macho, shingo na mapigo viko hivi na hivi, atapokewa kwa haraka zaidi kuliko aliyeandikiwa mzio.

Nini cha kufanya

Al-Jurjani alituachia mambo mawili tunayoweza kuyafuata bila gharama kubwa. La kwanza ni kumtazama mgonjwa mzima. La pili ni kuiweka elimu katika lugha ya watu, na katika ukubwa unaobebeka. Tuna Kiswahili kinachofahamika na Mzigua, Msambaa, Mbondei na Mmasai wa wilaya hizo. Tuna madaktari na wauguzi Waislamu na wasio Waislamu, wengi wao watoto wa huko huko. Ukurasa mmoja tu unatosha: picha ya jicho la kawaida na jicho lenye kope lililovutwa, mambo ya kutazama, alama nne za hatari na hospitali ya kwenda. Ubandikwe ukutani katika kila zahanati na usomwe misikitini baada ya sala. Kijana mwenye simu auchukue mfukoni, kama mpanda farasi wa Khawarizm alivyochukua Khuffi katika buti yake.

Jumuiya zetu za wanataaluma wa afya na kamati za misikiti zinaweza kuifanya kazi hiyo kabla mwaka haujaisha, kwa kushirikiana na waganga wakuu wa wilaya. Na wewe ndugu msomaji, utakapopiga simu nyumbani Handeni au Korogwe wiki hii, na ukaambiwa kuwa macho ya fulani yanamsumbua, uliza na shingo yake.

Allah amrehemu Sayyid Ismail al-Jurjani, na aijaalie elimu aliyoiacha kuwa sadaka yenye kuendelea. Amin.